Njia ya Nyumba za Akina Giàng

Juni 3

Dada Máy, nisamehe kwa kuchelewa. Uliniomba nikuandikie habari za Mama siku kwa siku tangu mipichi ilipotoa maua, na sasa mahindi yamefika kiunoni. Kila jioni nilisema leo nitaandika, na kila jioni nikasinzia na bakuli mkononi. Dình ana miezi saba, meno yanatoka, hataki kushikwa na mtu mwingine. Súa katimiza miaka mitatu na neno analolipenda ni moja tu: sitaki. Leo mvua imetufungia ndani wote, nimepata upenyo.

Nianze na lililo zito. Daktari wa mkoa amesema ni ini, na limeshafika mbali. Alimwambia Páo, mimi hakunitazama: "Mrudisheni nyumbani, mpeni anachopenda kula." Mume wangu akaitikia ndiyo, daktari. Tukatoka, tukakaa kwenye ngazi za hospitali, Mama katikati yetu akila ndizi. Páo akaniuliza polepole, juu ya kichwa cha Mama, "Nyumbani wapi?"

Wewe unajua, lakini wacha niandike ili akili itulie. Hii nyumba ni ya akina Vừ, ukoo wa Páo. Mama alikuja kumwona mjukuu, ni mgeni hapa. Yeye ni wa akina Giàng tangu Baba alipomwoa, na Giàng hufia chini ya paa la Giàng. Akikata roho hapa, wafu wa akina Vừ hawatamtambua, na wafu wetu hawawezi kuvuka kizingiti cha watu kuja kumchukua. Atabaki amesimama mlangoni, na Baba anamngoja kule. Nyumba yetu iko moja tu, ya kaka Lử, Si Ma Cai. Kati yetu na Lử kuna milima yote hii, na mvua ndiyo kwanza imeanza.

Juni 5

Páo alimpeleka Mama stendi. Dereva wa basi dogo akamtazama macho, yalivyo ya manjano.

"Huyu mgonjwa?"

"Kachoka tu."

"Kaka, huyu simpakii. Akinifia kiti cha nyuma, nani atapanda gari langu tena? Hata mke wangu hatapanda."

Mama akasema kwa Kihmong, kwa sauti, dereva asielewe, "Mwambie na mimi sitaki gari lake. Linanuka samaki."

Wakarudi kwa pikipiki, Mama ameegemea mgongo wa Páo. Aliposhuka alisema hajatapika hata kidogo. Hapo ndipo wazo lilipotuingia sote, na hakuna aliyetaka kulitamka kwanza.

Juni 6

Mvua. Vifaranga wawili wamekufa maji.

Juni 8

Tumelitamka. Páo alivunja mawe miaka mitatu kwenye barabara ya Xín Mần, ndiko alikonikuta, anazijua kona zile kama meno yake. Alichukua kaa la moto lililopoa akachora sakafuni: hapa Mèo Vạc, hapa Quản Bạ, hapa Hoàng Su Phì, hapa Xín Mần, kisha Si Ma Cai. Mtu mwenye afya ataenda kwa siku mbili akijitesa. Kwa Mama, na mvua, tuhesabu kulala njiani mara tatu.

"Kulala kwa nani?" nikauliza.

Akakuna kichwa. Hilo ndilo swali. Mtu mwingine angetafuta penye paa zuri na chai. Sisi tunatafuta mahali ambapo Mama akizidiwa, anaruhusiwa. Kila mahali pa kulala lazima pawe nyumba ya Giàng.

Súa akapita juu ya ramani na miguu ya matope. Hoàng Su Phì ikafutika.

Juni 9, siku ya soko

Nilizunguka soko zima na Dình mgongoni nikiuliza kila mwenye sketi ya Quản Bạ, kila muuza farasi wa Hoàng Su Phì: kuna akina Giàng kwenu, karibu na barabara? Mwanamke mmoja aliniuliza kama natafuta mchumba. Nimetuma salamu kwa midomo mitatu tofauti. Muuza farasi ndiye anaonekana hatasahau, maana hajalewa.

Juni 11

Mtoto hawezi kuachwa, ananyonya. Súa atabaki na bibi yake. Kwa hiyo pikipiki ni mbili: Páo na Mama, mimi na Dình. Na mimi sijui kuendesha.

Nô, binamu yake Páo, ametuazima pikipiki yake ya kubebea saruji. Alinifundisha kwenye uwanja wa shule, watoto wote wamepanga mstari dirishani.

"Shemeji, klachi siyo titi la ng'ombe. Usiikamue, iachie."

"Nikiiachia inaruka!"

"Inaruka kwa sababu unaiogopa. Iachie kama unavyomwachia mtoto aliyelala."

Hilo nililielewa. Nilikwenda mpaka kwenye mlingoti wa bendera na sikujua kusimama. Mlingoti ulijua.

Juni 13

Goti limevimba. Mvua. Mama kala vijiko viwili vya uji.

Juni 14

Mama mkwe anajenga kibanda. Kila akirudi shambani anakuja na mianzi miwili mitatu, anaichomeka pale mahindi yanapoishia, hatua chache kutoka mlangoni. Leo kaanza kuezeka.

"Cha nini hicho, Mama?"

"Cha mtu asiye na pa kwenda."

"Mama yangu siyo mbwa."

"Mbwa analala ndani, mama Súa." Akaendelea kufunga kamba, hata hakugeuka.

Nilimwangalia mgongo wake ule, mfupi, mgumu, nikasema moyoni: miaka mitano nimekusagia mahindi, nimekuzalia wajukuu, na huwezi hata kumngoja mama yangu afe ndipo umfukuze. Nimeandika hapa badala ya kusema.

Juni 15

Páo anasema mama yake ana haki. Tumelala tumepeana migongo.

Juni 16 mpaka 18

Mvua, kupalilia, mvua. Mimi na mama mkwe tunazungumza kupitia Súa. "Mwambie bibi yako chumvi imekwisha." "Mwambie mama yako ana miguu." Súa anafurahi, anadhani ni mchezo.

Juni 19

Jibu la Quản Bạ limefika, kwa yule mwenye sketi. Wapo akina Giàng, nyumba ya mawe juu ya barabara, na wanaweka mabakuli tisa kwenye tambiko la nyumba. Tisa, kama Baba! Wanasema mleteni shangazi.

Juni 20

Na Hoàng Su Phì nao wamejibu! Muuza farasi mwenyewe kaja mpaka mlangoni, kalowa chepechepe. Giàng Mí Say, nyumba ya pili baada ya daraja. Amesema: "Giàng ni Giàng, aje." Nilimpa muuza farasi bakuli mbili za pombe ya mahindi na kuku mzima wa kuchemsha. Xín Mần yuko mzee Giàng Seo Chúng, Páo alimvunjia mawe ya msingi enzi zile, huyo hana shaka. Njia yote imepata paa.

Nilimwonyesha Mama kwenye ramani ya kaa. Alicheka. "Wanaume walikuwa wakipanga njia ya kupeleka kasumba namna hii, kwa siri, nyumba kwa nyumba. Sasa mnanipeleka mimi."

Juni 22

Tutaondoka ishirini na tano, tukijaliwa ukavu. Páo kabadilisha plagi na mnyororo. Mimi nafika mpaka kwenye kisima cha chini na kurudi bila kuanguka. Nô anasema sasa nifundishwe kupiga honi.

Juni 24

Dình ana homa. Hatuondoki.

Juni 25

Homa. Jua kali siku nzima, jua la kutukebehi.

Juni 26

Homa imeshuka. Mvua imerudi.

Juni 27

Dada, nimefanya ujinga, na nimeufanya kwa furaha. Leo nilikuwa namsafisha Mama miguu, inavimba sasa, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Akaniuliza bila haraka, "Hao wa Hoàng Su Phì, mabakuli yao mangapi?"

Nikaendelea kusugua. Akaniita jina.

"Dợ. Uliuliza?"

Sikuuliza. Walisema Giàng ni Giàng, nikachinja kuku. Nimekua nikimsikia Baba akisema jina pekee si ukoo: wapo Giàng wa mabakuli tisa, wapo Giàng wa tano, wapo Giàng wa thelathini na tatu, na wa tano na wa tisa hawafi majumbani mwa wenzao, sawasawa na kama wangekuwa Vừ au Sùng. Nilijua. Masikio yalichoka yakasikia yalichotaka.

Mama alinishika mkono wenye sabuni. "Tuma tena uulize. Muuza farasi ana miguu." Alisema hivyohivyo, neno la mama mkwe. Kumbe alikuwa anatusikia siku zote.

Juni 29

Nimetuma. Mvua.

Julai 1

Mama hali kitu ila maji ya tango. Amepungua, nambeba mwenyewe mpaka chooni.

Julai 3

Ni wa tano. Muuza farasi alisimama mbali na mlango, akavua kofia. "Mí Say anasema samahani sana. Wao mabakuli matano. Anasema kulala usiku mmoja hana neno, lakini kama mgonjwa atazidiwa..." Hakumalizia, na hakukubali pombe.

Kutoka Quản Bạ mpaka Xín Mần bila kulala, Mama hatafika. Hiyo nyumba ya katikati ndiyo iliyoshika njia yote. Nilikwenda kwenye jiwe la kusagia nikaanza kusaga, ili nimeze kilio, lakini lile jiwe la watu wawili huwezi kulizungusha peke yako. Likakwama. Nikaliegemea nikalia.

Mama mkwe akaja akashika ncha ya pili ya mti wa kuzungushia. Alisukuma, nami ikabidi nisukume, unga ukaanza kutoka.

"Nilikuwa na mimba ya Páo," alisema, akilitazama jiwe. "Mama yangu alitoka kwao kuja kuniona. Tumbo likamshika ghafla, mchana wa namna hii. Baba mkwe wangu alikuwa mtu mwema, usidhani. Lakini nyumba ni nyumba. Wakamtoa juu ya mkeka mpaka chini ya mchirizi. Mvua ilikuwa hii hii. Nikashika tenga juu ya uso wake maji yasimwingie kinywani. Mkono ukafa ganzi, nikabadilisha, na wa pili ukafa ganzi. Alikata roho nimeshika tenga."

Tukazungusha.

"Kibanda hakina ukoo, mama Súa. Hakina wafu ndani. Mtu akifia humo hajavunja nyumba ya mtu, na hajalowa. Ulidhani namfukuza."

Nikaongeza mahindi kwenye jiwe.

"Sasa mwambie yule mwenye farasi arudi kwa huyo wa mabakuli matano. Aseme hatuombi nyumba, tunaomba mianzi minne na majani mlangoni kwake. Nyumba watu hunyimana. Kibanda hakuna Mhmong aliyewahi kumnyima mtu."

Alipoondoka unga ulikuwa umejaa beseni. Nilibaki nimekaa. Siku zote zile nilikuwa nakiona kile kibanda kama mlango anaomwonyesha mama yangu. Nikaenda kukiangalia leo kwa karibu. Kimeezekwa tabaka mbili. Upande wa upepo ameweka mlango wake wa zamani wa ghala.

Nilimwuliza Mama kama angependa abaki, akae humo, tusimtese na barabara.

"Kibanda kizuri. Nimemwona akikijenga. Lakini baba yako hajawahi kufika huku, Dợ. Atanitafuta wapi?"

Julai 5

Mlima umeporomoka kwenye njia ya kupandia Quản Bạ. Pikipiki zinabebwa mabegani. Tunangoja.

Julai 6

Tunangoja. Nimemgombeza Súa bila kosa, kisha nikamlisha sukari.

Julai 7

Mí Say ameshaanza kukata mianzi. Barabara imefunguliwa upande mmoja. Salamu zimeshakwenda kwa Lử atupokee Xín Mần kama mto utamruhusu.

Julai 8

Mizigo: turubai, kamba, nepi, kopo la petroli, mfuko wa unga wa mahindi ulioiva kwa mvuke, mpira mmoja wa ndani uliozibwa, nguo za kitani za Mama, zile alizojishonea mwenyewe kwa safari ile nyingine. Mama mkwe aliziweka chini kabisa na unga juu, mtu asione.

Julai 9

Tunaondoka. Mama mkwe alitoa mbeleko yake, ile aliyobebea Páo, nyekundu na nyeusi, akamfunga Mama mgongoni kwa Páo kama afungavyo mtoto, akavuta fundo kwa goti.

Mama akasema, "Miaka arobaini ya ndoa, marehemu mume wangu hakunibeba hata kuvuka mto."

"Hakuwa na pikipiki," akasema Páo.

"Hata ng'ombe alikuwa naye, hakunipandisha."

Wakatazamana wale wanawake wawili. Mama akaanza, "Dada, nikirudi nitakuletea..."

"Hurudi, dada," mama mkwe akamkata. "Nenda vizuri."

Mama akaitikia kwa kichwa, na uso wake ukapata raha ambayo sijaiona tangu mwaka mpya. Kila mtu alikuwa akimdanganya, hata mimi. Huyu peke yake hakumdanganya.

Julai 12, Xín Mần

Siku tatu sikugusa kalamu. Nitaandika zote.

Ya kwanza ilikuwa njema. Mvua ndogo, ukungu, magari machache. Nilimfuata Páo nikiangalia miguu ya Mama inavyoning'inia ndani ya soksi zako zile za kijani. Kila kona anageuza uso kunitafuta. Penye maporomoko vijana wa barabara walishika pikipiki yangu mbele na nyuma wakanivusha. Mmoja akauliza, "Huyo bibi amefungwa kwa kosa gani?" Mama akajibu, "La kuzaa mabinti mbali." Tulilala nyumba ya mawe. Walimlaza karibu na moto wakamwita shangazi, bila kuuliza maswali.

Ya pili, Dada, sitaki kuirudia hata kwa kalamu. Mvua kutoka asubuhi. Breki zangu zilishika maji, nilishuka mlima mzima kwa gia ya kwanza, injini inalia, Dình analia, mimi nalia. Penye daraja moja niliteleza nikaanguka ubavuni, kioo kikavunjika. Dình mgongoni hakuumia, alicheka, alidhani nimemchezesha. Páo hakuweza kushuka kunisaidia kwa sababu ya Mama mgongoni. Alisimama tu pale mbele, miguu chini, akaniita jina, akaniita tena. Nikainua pikipiki mwenyewe. Sijui niliinuaje.

Mí Say wa mabakuli matano alitungoja barabarani na jani la mgomba kichwani. Kibanda chake ni kizuri kuliko jiko langu. Aliona aibu, mzee wa watu, hakujua aiweke wapi mikono yake. "Ningekuwa na namna..." alikuwa akisema. Jioni ile pumzi za Mama zilianza kukatika. Mí Say na mkewe waliiacha nyumba yao kavu na moto wake, wakaja kukaa nasi pale nje, magoti yao kwenye matope, mpaka palipopambazuka na pumzi zikarudi. Nilipokuwa nawasha pikipiki mkewe aliniwekea mayai ya kuchemsha mfukoni, bado ya moto.

Ya tatu ilikuwa kupanda tu. Mama alifumba macho. Mara mbili Páo alisimama akanipungia nije nimwangalie kama bado anapumua, kwa kuwa yeye hawezi kugeuka. Bado. Nyumba ya mzee Chúng iko juu ya mji, njia ya ng'ombe, utelezi. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Mama alifungua macho.

"Mabakuli mangapi?"

"Tisa, shemeji. Na kuyapanga tunaanzia upande wa mlango, kama kwenu."

"Basi nishusheni."

Julai 13

Páo kaangalia anga, kapima petroli. Lử yuko mbele, ni safari ya siku moja, na nusu yake ni tambarare. Nikamwambia Mama kesho tutamfunga tena, mara ya mwisho.

"Mimi nimeshafika," akasema.

"Mama, bado kidogo tu. Kwa Lử ndiko nyumbani."

"Hapa ni tisa."

"Lakini hawa hatuwajui!"

"Baba yako anawajua." Akafumba macho. "Nimechoka, Dợ. Na wewe umechoka. Mtazame mumeo, mbeleko imemchubua mabega mpaka nyama."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Mwezi mzima nimepanga njia mpaka kwa Lử. Nikatoka nje nikafua nepi kwa hasira. Mke wa mzee Chúng akaja akachuchumaa karibu yangu, akachukua nepi moja akaanza kufua, akasema: "Wewe ulipanga ili asife pabaya. Hajafa pabaya. Umebakiza nini?"

Julai 15

Lử kafika kwa miguu. Mto umechukua daraja nyuma yake, hata tungekwenda tungekwama upande huu, chini ya turubai. Alimshika Mama miguu, akalia kama Dình. Mama alimwuliza kama kapalilia.

Julai 16

Mama ametutoka asubuhi, unga ukiwa kwenye mvuke, sote tupo. Lử alikuwa amemshika kichwa. Mzee Chúng akachukua bunduki ya zamani akatoka mlangoni akapiga angani mara tatu, mlima ukajibu. Nyumba yake ikawa nyumba ya msiba kama vile amefiwa yeye.

Mwimbaji wa njia alipokuja aliniita mimi. Anamrudisha marehemu nyuma, mahali kwa mahali alipopata kuishi, mpaka alipozaliwa, na Lử hakujua tulipopita. Nikamtajia: hapa kwa mzee Chúng, kibanda cha Mí Say, nyumba ya mawe Quản Bạ, kwetu Mèo Vạc kwa akina Vừ, kisha Si Ma Cai. Akauliza kama kibanda nacho akiimbe. Nikasema kiimbe, na wenyewe uwataje.

Julai 20

Tumempandisha Mama kilimani jana. Mvua ilisimama kidogo, ikatosha. Páo karudi Mèo Vạc kwa ajili ya Súa na mahindi. Mimi na Dình tutabaki mpaka siku kumi na tatu zitimie tuialike roho yake nyumbani, kisha nitarudi mwenyewe na pikipiki ya Nô. Usiogope. Sasa najua kusimama.

Jambo moja. Siku mbili kabla ya kufa, Mama aliniambia, "Máy ana mtu huko kiwandani. Mtu wa tambarare. Anadhani sijui." Nikauliza nani kamwambia. Akasema sauti yako kwenye simu ya ofisi ya kata ilikuwa ya mtu aliyekula vizuri. Hakukasirika. Alisema siku roho yake itakapoachiliwa watataja watoto wote na wenzi wao, na hataki pawe na pengo penye jina lako.

Najua huwezi kuja, wakikukuta hupo kwenye mashine watakuondoa kazini. Lakini basi la Jumamosi linafika Xín Mần, konda anamjua mzee Chúng. Tuma hivi, usipunguze:

Jina la huyo mwanamume, na la baba yake, yaandikwe kwa kusomeka.

Mpira wa ndani wa tairi la nyuma, mpya, usiozibwa.

Viatu vya breki, jozi mbili. Uliza vya pikipiki ya kubebea saruji, watakuelewa.

Kioo cha kushoto.

Dawa ya kupaka mabega ya Páo, ile ya kopo jekundu.

Uzi mwekundu na mweusi, wa kushonea mbeleko. Imechanika kwenye fundo na siyo yangu.

Buti za mpira za mwanamke, namba thelathini na sita. Siku ya kumpandisha Mama mke wa mzee Chúng alivua zake akanivisha, akapanda kilima peku kwenye utelezi ule, na mpaka leo sijamsikia akizidai.